Siku Maalim Alipokata Waya Wangu

Mwaka 2017, msimu wa karafuu, tulikuwa wanafunzi tisa katika chumba kimoja cha kukodi Chake Chake, tumeizunguka meza ya ubao. Juu yake palikuwa na mota ndogo, mkanda wa mpira unaopita juu ya rola mbili, kontakta, yaani swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, kitufe cha kijani, kitufe chekundu, na PLC, yaani kile kikompyuta cha viwandani kinachosoma vitufe na sensa (vihisio) kisha kikaamua mota iende au isimame. PLC ilikuwa moja tu. Tukaipangia foleni kama watu wa kisimani.

Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa majumbani, ufundi nilioupata kwenye kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji. Kazi sikukosa: tangu kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipofika Pemba mwaka 2010, tukaacha kutegemea majenereta ya Wesha, nyumba za kutia umeme zilikuwapo kila kijiji. Lakini mwaka mmoja kabla ya mafunzo ya Chake Chake nilifanya kibarua Unguja, kiwanda cha kujaza maji ya chupa, na huko niliona jambo lililonikera. Mashine ilizima asubuhi. Mafundi wanne, wote wenyeji, tukasimama mbele ya kabati lenye taa ndogondogo zinazowaka na kuzima, asiwepo wa kuthubutu kuligusa. Tulimngoja mtaalamu kutoka ng'ambo siku tatu. Alipofika alibadilisha sensa moja ambayo hata mimi ningeifungua kwa bisibisi, akaondoka. Siku zile tatu vibarua hawakulipwa. Wengine walikuwa na watoto skuli. Hilo ndilo lililonirudisha darasani.

Maalim wetu alikuwa mtu mzima, aliyekula chumvi nyingi kwenye viwanda vya Bara kabla ya kurudi kwao Pemba. Siku ya kwanza aliona tunavyoiogopa PLC, akatuhadithia ilikotoka. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors, Marekani, ilikuwa imechoshwa na makabati ya rilei, swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme: kila muundo wa gari ukibadilika, nyaya zinafumuliwa na kufungwa upya. Wakatafuta kifaa kinachobadilishwa kwa programu badala ya bisibisi, ndipo ikatoka PLC iitwayo Modicon 084, ya wahandisi akina Dick Morley. "Na programu yake wakaiandika kwa mchoro wa ngazi," alisema Maalim, "nguzo mbili na vidato, kwa sababu mafundi wa rilei walikuwa wanaujua mchoro huo tayari. Lugha hii walitengenezewa watu kama nyinyi. Msiione ya wageni."

Siku ya nne ilikuwa zamu yangu. Kazi: ukibonyeza kijani mkanda uende, ukikiachia uendelee kwenda, ukibonyeza chekundu usimame. Nikafunga nyaya, nikachora vidato vyangu, nikajaribu. Ukaenda. Ukasimama. Wenzangu wakapiga makofi.

"Uwashe tena," akasema Maalim.

Nikauwasha. Akachukua koleo, akapeleka mkono nyuma ya kitufe chekundu, akaukata waya. Mkanda ukaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akachukua kitambaa cha kufutia ubao, akakiweka juu ya mkanda, pembe yake ikaanza kumezwa na rola.

"Hiyo ni shati ya mwenzako, na mkono wake umo ndani. Simamisha."

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

"Simamisha, mwanangu."

"Nabonyeza, Maalim! Haisikii!"

Kitambaa kilikuwa kimeshaingia nusu nilipokumbuka kuchomoa plagi ukutani. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Hakuna aliyecheka.

Kosa langu lilikuwa hili: kitufe changu chekundu kilikaa wazi, na kilipeleka umeme pale tu kilipobonyezwa. Waya ukikatika, hakina tena cha kupeleka, wala PLC haina njia ya kujua. Kitufe cha kusimamisha kinatakiwa kikae kimefunga, umeme upite muda wote, na kukibonyeza kuwe ndiko kuukata. Hapo panya akitafuna waya, au chumvi ya bahari ikaula, mashine inasimama yenyewe. Sensa nyingi za kina cha maji na joto zimefuata fikra hiyohiyo: kipimo cha chini kabisa hutumwa kwa miliampea 4, cha juu kwa 20. Ukisoma 0, jua waya umekatika.

Nikakibadilisha kitufe. Na kwenye programu nikaiacha alama ya kufunga vilevile, maana ndivyo kitufe kilivyo sasa. Mkanda ukakataa kuwaka. Maalim alikwenda kusali adhuhuri akatuacha na fumbo hilo, na kwa kweli namshukuru kwa kutuacha. Ilituchukua karibu saa nzima kuelewa kwamba PLC haikioni kitufe. Inaona tu kama volti 24 zimefika mlangoni kwake au hazikufika. Kitufe kikiwa kimetulia zinafika, kwa hiyo kwenye kidato alama huchorwa ya wazi, ile inayopitisha pale volti zikifika. Tangu hapo nimehudhuria mafunzo ya kumbi zenye viyoyozi, cheti unapewa na waya hukuugusa hata mmoja. Hayakunifundisha sehemu ya kumi ya saa ile.

Jioni, tunakusanya vifaa, dada mmoja wa Konde, mkimya kuliko sote, akauliza:

"Maalim, waya ukikatika nimefahamu. Na je, nyaya mbili za kitufe zikichubuka zikagusana? Si umeme utapita tu, hata nikibonyeza?"

Maalim alikuwa mlangoni, ameshavaa makubazi. Akamtazama, akamwambia hapo ndipo mashine za hatari huwekewa njia mbili mbalimbali na rilei ya usalama inayozilinganisha. Njia moja ikienda kinyume na nyenzake, rilei hiyo inaikatia kontakta umeme bila kuisubiri programu. Kisha akavua makubazi, akarudi mezani, akavuta kiti.

"Nipe hilo koleo. Nani ana waya mrefu?"