Kwa nini sijaweka kiendelezi cha kuchungulia linki kwenye kompyuta za stationery yangu

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, wateja wangu hapa Morogoro huja na linki nyingi kuliko karatasi. Kijana ananinyooshea simu: "Dada, nifungulie hii, wamesema mwisho ni leo." Linki imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp, aliyeianzisha hajulikani, na kijana yuko tayari kujaza namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne na namba ya simu ya mzazi wake. Taarifa hizo zote zinapita kwenye kompyuta yangu. Ndiyo maana suala la kujua linki inaelekea wapi kabla hujaibofya nalichukulia kwa uzito mkubwa.

Wenzangu kadhaa wenye stationery wameweka viendelezi vya kuchungulia, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Unapeleka kishale juu ya linki, kidirisha kinachomoza, unauona ukurasa bila kutoka ulipo. Wananiuliza kwa nini mimi sina. Kazi yake ni nzuri, hilo silipingi. Ila nataka tuangalie kwanza inavyofanyika.

Ili kidirisha kionyeshe ukurasa, lazima mtu aufuate. Kivinjari chako kimeshakwenda kwenye seva ya huyo usiyemjua, kimeshaacha anwani yako ya mtandao (IP) kule, na bando limeshaliwa. Hujabofya, lakini umefika. Mwaka 2005 Google ilitoa programu iliyoitwa Web Accelerator, iliyofungua linki mapema ili kurasa zije haraka. Kwenye baadhi ya tovuti neno "futa" nalo lilikuwa linki, programu ikaifuata kama zilivyo nyingine, na watu wakakuta vitu vyao vimefutika.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. Benki na tovuti nyingi za maana hukataza ukurasa wao kufunguliwa ndani ya ukurasa wa mtu mwingine. Amri hiyo inaitwa X-Frame-Options, nayo ipo kwa sababu matapeli huweza kuutandaza ukurasa wa benki usioonekana juu ya kitufe cha kawaida, wewe ukadhani unabonyeza "endelea" kumbe unabonyeza cha benki. Sasa, baadhi ya viendelezi vya kuchungulia huiondoa amri hiyo ili kidirisha kisibaki cheupe. Ulinzi uliowekwa na benki unabomolewa ili mimi nione ukurasa mdogo! Hapo ndipo nilipokataa kabisa.

Halafu ruhusa. Kiendelezi cha aina hii kwa kawaida huomba kukubaliwa kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti unayofungua. Watu wanabonyeza "kubali" bila kusoma. Mwaka 2016 shirika la utangazaji la NDR la Ujerumani lilifichua kwamba taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wa kiendelezi cha Web of Trust zilikuwa zikiuzwa, na kiendelezi chenyewe kazi yake ilikuwa kukuambia tovuti ipi ni salama. Julai 2019 mtafiti Sam Jadali akatoa ripoti aliyoiita DataSpii kuhusu viendelezi vinane vya Chrome na Firefox vilivyokusanya anwani za kurasa walizofungua watu wanaofikia milioni 4. Kimojawapo ni Hover Zoom, kile cha kukuza picha ukipitisha kishale juu yake. Anwani peke yake ilitosha kuleta madhara, kwa sababu nyaraka nyingi za watu, hadi za kodi, hazina nenosiri. Kinachozilinda ni urefu wa linki tu. Na hata kama aliyetengeneza kiendelezi ni mwema, anaweza kukiuza kesho. The Great Suspender kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi.

Kwa hiyo dukani kwangu tunasoma anwani. Weka kishale juu ya linki bila kubofya, tazama chini kushoto mwa kivinjari. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma ukirudi nyuma. Mfumo wa mikopo ni olas.heslb.go.tz: kabla ya mkwaju kuna go.tz, ya taasisi za serikali, na kabla ya hapo heslb, kifupi cha Bodi ya Mikopo. Tapeli anaweza kuandika heslb.go.tz mwanzoni kabisa, akaweka nukta, kisha akaweka jina la tovuti yake. Anayesoma kutoka kushoto ananaswa. Ukishafungua, isome tena pale juu, maana ukurasa wenye hila unaweza kubadilisha linki wakati ule ule unapobofya. Linki fupi za bit.ly, ongeza alama ya + mwishoni uone inakopeleka.

Ile picha inayotokea chini ya linki kwenye WhatsApp isikudanganye. Picha na kichwa cha habari huandikwa na mwenye ukurasa mwenyewe, kwa utaratibu wa Open Graph ulioletwa na Facebook mwaka 2010. Akitaka kuweka nembo ya taifa, anaweka. Nimeshaambiwa mara nyingi, "Lakini dada, si unaona nembo?" Nembo naiona, mdogo wangu. Nionyeshe anwani.

Kuna uchunguliaji ninaoupenda kwa dhati: ule wa Wikipedia, uliosambazwa mwaka 2018. Unapitisha kishale juu ya jina, unapata picha na mistari michache ya kwanza. Tovuti inaonyesha kurasa zake yenyewe, hakuna mtu wa tatu katikati. Mozilla nayo mwaka 2025 ilianza kujaribu uchunguliaji ndani ya Firefox yenyewe, muhtasari ukiandaliwa kwenye kompyuta yako. Huko naona njia nzuri, kivinjari ambacho tayari umekiamini kifanye kazi hiyo.

Kama unacho kiendelezi na hutaki kukiacha, kwenye Chrome nenda sehemu ya viendelezi, fungua maelezo yake, uchague kifanye kazi pale tu unapokibofya, au kwenye tovuti ulizozitaja wewe. Na mteja akikaa kufungua barua pepe au akaunti ya benki, mfungulie wasifu (profile) mwingine wa kivinjari, usio na kiendelezi hata kimoja.