Keki za kakao na nazi kwa mkaa, baada ya kumsikiliza wifi

Jumamosi ya kwanza keki zangu zilitoka nyeusi, bapa, katikati zimebonyea kama mto uliolaliwa usiku kucha. Mwanangu, anayetimiza miaka 7 na aliyekwisha kuona za kwenye simu zimevaa vikaratasi vya rangi, akaigusa moja kwa kidole. "Mama, hii ni bokoboko?"

Kila niliyemwambia naoka kwa mkaa alisema tatizo ni jiko. Jiko halina hatia. Mwenye hatia ni wifi yangu, aliyekaa mkekani akinitazama nikikuna nazi, akasema, "Wifi, machicha hayo usitupe, tia yote humo humo. Nazi ni nazi." Nami nikatia. Machicha ya nazi mbili, mabichi, ndiyo kwanza yametoka kwenye kifumbu. Rojo likawa zito, akaniambia niongeze tui. Nikaongeza.

Machicha hata uyakamue mpaka mkono ukuume, bado yamebeba maji. Yakiingia kwenye keki yanayaachia polepole: juu pameiva na pamepasuka vizuri, ukidhani umefuzu, kumbe ndani ni uji. Kisu nilichokatia kilitoka kimepakwa kama nilikichovya kwenye sufuria. Ladha haikuwa mbaya, tulikula kwa vijiko. Zilizobaki wakamalizia kuku wa jirani, na wao hawakulalamika.

Jumatano nikarudi, wifi hayupo. Machicha ya nazi moja nikayatandaza kwenye kikaango kikavu, makaa machache, nikawa nageuza kwa mwiko. Mwanzo yanatoa mvuke na kushikana mabonge, unaona kama unapoteza muda. Baada ya dakika kumi hivi yanaanza kuachana, yanateleza yenyewe, na ukigeuza unasikia mlio mkavu kama mchele kwenye ungo. Harufu ya tui inaondoka, inakuja ya kashata. Rangi ikifika ya biskuti mwaga kwenye sinia hapo hapo, maana kikaango kinaendelea kuunguza hata ukishaepua. Mimi nilipokea simu. Robo nzima ikawa nyeusi, nikakaa nachambua kwa vidole kama nachagua mchele wenye mawe.

Maziwa situmii kabisa. Tui la kwanza, kikombe 1, la kukamuliwa kwa maji kidogo ya uvuguvugu. Lipashe liwe moto lakini lisichemke, litakatika. Limimine juu ya vijiko 6 vya kakao, koroga, acha lipoe. Kakao iwe ile chungu ya unga mtupu, siyo ya kunywa iliyokwisha kutiwa sukari. (Kakao inalimwa Kyela, sehemu kubwa inapelekwa nje, halafu mimi nanunua ya kopo iliyotoka ng'ambo kwa bei ya kuuma. Haya.) Kakao hiyo ina uchachu wake, ndiyo inayoiamsha bekingi soda, nusu kijiko cha chai inatosha, ukizidisha keki inakuwa na ladha ya sabuni. Na bekingi pauda kijiko 1 cha chai. Vingine ni kama keki yoyote: unga kikombe 1 na nusu, sukari kikombe 1, mafuta nusu kikombe, mayai 2. Machicha makavu nusu kikombe, mengine weka kando.

Sasa hapa nijisifu. Vibati vya keki sina, na vikaratasi peke yake rojo linavilaza chali. Tangu Ramadhani nilikuwa naweka vikopo vidogo vya nyanya, nikavisugua, nikavipiga kingo kwa nyundo visikate, nikapaka mafuta. Kikaratasi kinakaa humo kama kilipimwa na fundi. Jaza nusu tu.

Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini. Mkavu, narudia, wa pwani ulioletwa asubuhi unatoa mvuke na keki inachemka badala ya kuoka. Panga vikopo sita sita, funika kwa sinia, palia makaa juu kama wali wa bibi. Mengi juu, machache chini. Kisha usifunue. Nilimpa mwanangu kazi ya kulinda sufuria dhidi yangu mimi, akaifanya kwa ukali kuliko mgambo. Baada ya dakika 25 nikachoma kijiti cha chelewa kibichi nilichokichonga kutoka kwenye ufagio mpya, kikatoka kikavu.

Urembo wa siagi na sukari sahau, kwa joto letu unateleza hadi kwenye kiganja. Mimi nachemsha tui lililobaki na sukari na kakao mpaka liwe zito, nachovya vichwa vya keki, nabandika yale machicha ya rangi ya biskuti. Yanalia chakachaka mdomoni.

Gharama sikuandika. Elfu kumi na tano, kumi na nane, huko huko, mkaa sihesabu.

Siku ya sherehe wifi alikula mbili wima, akaomba ya tatu ya kupeleka nyumbani. Akaipindua, akaitazama, akawaambia wageni wote, "Si nilimwambia mimi, machicha asitupe?"