Nilivyomtambua mwigizaji wa kabuki kwa pua yake

Wanaokusanya chapa za mbao za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, msikubali kutishwa na kila mwenye duka. Chapa yangu niliipata London, kwenye meza ya vitu vya kale, kwa pesa ya kununulia viatu vizuri tu. Inaonyesha mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, na imesainiwa Toyokuni, jina la mchoraji. Muuzaji mmoja akaitupia jicho, akasema: "Bandia hii. Toyokuni alikufa 1825, na huyu mwigizaji naye alishakufa kabla ya tarehe ya mihuri."

Suala la saini lilikuwa jepesi: mchoraji Kunisada alianza kutumia jina la mwalimu wake, Toyokuni, mwaka 1844. Mihuri nayo nikaisoma kwa lenzi. Miwili ya duara ni ya wakaguzi wa serikali, ambao kati ya 1847 na 1852 walipiga wawili wawili. Wa tatu una alama ya mwaka wa panya, mmoja wa wanyama kumi na wawili wanaopokezana miaka katika kalenda ya Kijapani. Hapo ni 1852, hakuna mwingine.

Kazi ilikuwa uso, maana muuzaji hakumtaja mwigizaji kwa jina. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku chapa za waigizaji, na hata ziliporudi sokoni, majina yao yaliendelea kufichwa. Yangu ina jina la mhusika peke yake. Lakini pua je, nani ataificha? Pua kubwa inayotangulia uso mzima, na vijicho vidogo juu yake! Basi nikarudi nyuma, kwenye chapa za kabla ya marufuku, ambazo majina yamo. Makumbusho ya Victoria and Albert yameweka nyingi mtandaoni. Usiku, watoto wakishalala, nazipanga nyuso kwenye skrini kando ya yangu, pua kwa pua, mpaka nikampata: Matsumoto Koshiro wa tano. Niliruka kwa furaha.

Ni kweli Koshiro alikufa 1838. Ila mwaka ule wa 1852 Kunisada alitoa mfululizo wa vituo vya Tokaido, barabara kuu ya kale ya Japani, na humo aliwachanganya waigizaji walio hai na marehemu, kila mmoja akipewa nafasi inayomfaa, hata kama onyesho lenyewe halikuwahi kufanyika. Yule muuzaji alikuwa na tarehe zote mkononi, akakosa hilo tu.

Chapa iwekeni mbali na jua, rangi za mimea hupauka haraka. Na mkikuta panya bila ile mihuri miwili ya wakaguzi, msikimbilie 1852: mwaka 1864 nao ulikuwa wa panya.