Siku moja kwenye meza ya fundi: kompyuta inawaka, skrini nyeusi

Saa 2 asubuhi. Mashine ya kwanza imetoka kuwekewa kadi mpya ya grafiki. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini inaandika kwamba haipati mawimbi. Bisibisi bado iko kwenye droo. Kwanza natazama mgongo wa kasha, na kweli, kebo ya HDMI imechomekwa juu, kwenye tundu la mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Kadi ikishawekwa, mazabodi nyingi huzima matundu yake zenyewe. Naihamishia kebo chini, kwenye kadi, na picha inatokea.

Saa 3. Hii nyingine kebo yake iko mahali pake, na picha haitoki. Nazima pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, nachomoa waya ukutani, nabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe. Sloti ya PCIe, ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ina tundu la pini 6, linaloongeza wati 75, au la pini 8, linaloongeza 150. Hapa waya wa pini 8 umeingia nusu. Nausukuma mpaka kindoano kilie. Waya wa prosesa, ubongo wa kompyuta, nao una pini 8, ila hugawanyika 4+4, na ule wa kadi 6+2. Mpangilio wa umeme wa nyaya hizi mbili ni kinyume, kwa hiyo waya ukikataa kuingia usiulazimishe. Wala usichanganye nyaya za pawa saplai mbili tofauti, hata zikifanana: upande wa pawa saplai pini zinaweza kupangwa vingine, na umeme ukipotea njia unaunguza diski na mazabodi.

Saa 5. RAM (kumbukumbu ya muda) imeongezwa, na taa ndogo iliyoandikwa DRAM haizimiki. Mazabodi nyingi za sasa zina taa nne za namna hii: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Inayoganda ndiyo inayoonyesha hatua iliyokwama. Natoa RAM zote, narudisha moja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa. Zikiwa mbili kwenye mazabodi ya sloti nne, kawaida hukaa ya pili na ya nne. Kama ni DDR5, kizazi kipya cha RAM, subira. Mara ya kwanza mashine huijaribu na kuipima RAM yenyewe, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Naiacha robo saa. Anayeizima kila baada ya dakika moja anairudisha mwanzo kila mara.

Saa 8 mchana, prosesa mpya. Ryzen 5 5600X inaingia vizuri kwenye soketi ya AM4 ya mazabodi ya B450, lakini BIOS ya zamani, programu ya mazabodi inayoanzisha mashine, haiitambui, basi mashine inakaa kimya. Narudisha prosesa ya zamani, nasasisha BIOS, kisha naweka mpya. Mazabodi yenye kitufe cha kuflashi (kusasisha) BIOS haihitaji hata prosesa: flashi ya USB iliyofomatiwa kwa FAT32, faili lenye jina linalotajwa kwenye mwongozo, na umeme usikatike mpaka taa iache kumweka. Kabla ya yote namwomba mwenye mashine ufunguo wake wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, maana Windows inaweza kuudai baada ya mabadiliko haya, na asipokuwa nao mafaili yake yamefungwa.

Prosesa hiyo haina grafiki ndani yake, kama zilivyo za Intel zinazoishia na F. Bila kadi, hakuna picha kabisa.

Saa 10 jioni. Mashine sugu. Nimechomoa betri ya CR2032 kwa dakika tano ili mipangilio ya BIOS ifutike, bila mafanikio. Sasa natoa kila kitu kwenye kasha na kukipanga juu ya kadibodi: mazabodi, prosesa na feni yake, RAM moja, pawa saplai, kadi. Nagusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, na inawaka na picha. Tatizo liko kwenye kasha. Naangaza tochi ndani: kijiti kimoja cha shaba, kati ya vile vinavyoishikilia mazabodi isiguse kasha, kimefungwa mahali ambapo mazabodi haina tundu la skrubu, kinagusa solda za nyuma. Nakifungua, narudisha mazabodi, nafunga skrubu bila kuzikaza kupita kiasi.