Kahawa kwenye leso
Jana nilikuwa Mtaa wa Biashara, Mombasa, kumtafutia mamangu leso, nikajikuta nasoma mpangilio badala ya kuchagua. Pindo pande zote, mji katikati, jina, yaani yale maneno, chini ya mji. Mbunifu anayelia kuwa mawazo yamemwishia aje ashinde hapa.

Nina kazi ya bango la muuza kahawa wa Mji wa Kale. Basi usiku vikombe vidogo vikawa pindo, dele (birika la kahawa) la shaba likakaa katikati, penye mji, kashata zikashika kona, maana umbo lake ni pambo tayari. Rangi? Nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, za leso ya kisutu. (Ya harusi, najua, msinianze.)

Vitu vya kawaida hugeuka sanaa: msanii El Anatsui wa Ghana huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba hadi vinakuwa mapazia makubwa ya ukutani. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Sisi vyetu twavikanyaga tu Mwembe Tayari.

Mwenye kahawa amelitazama bango, akauliza kama laweza kuchapwa kitambaani. Nani anamjua fundi wa kuchapa kwa fremu hapa Mombasa, asiye na bei za watalii?