Nilivyochagua adapta ya magazini ya PCC (baada ya kuchagua vibaya kwanza)

Haya jamani, hii posti nimeiahidi tangu mwezi wa pili, na nyie wawili watatu mnaonisumbua WhatsApp kila wiki "ile adapta uliishia kuchukua gani" leo mtapata jibu mnyamaze. Kwa wageni: mie mtoto wa Kisauni, Mombasa, sa hii naishi Texas upande wa Fort Worth, kazi yangu ni kuendesha lori, na Jumamosi moja au mbili kwa mwezi utanikuta renji nacheza mechi za USPSA, chama cha mchezo wa kulenga shabaha hapa Marekani. Divisheni yangu ni PCC, yaani bunduki ya begani inayokula risasi za bastola, kwangu mie 9mm. Magazini ni kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki, na adapta ni kipande kinachoifanya bunduki ya risasi kubwa ikubali magazini ya 9mm. USPSA waliifungua hiyo divisheni 2016 na wazee wa bastola wakanuna kidogo, wengine mpaka leo wananuna, lakini wengi wao magoti yakianza kuuma na macho yakianza kugoma wanahamia huko huko.

Sasa, mie nilikuwa tayari na AR ya kawaida, ile bunduki ndefu, ya risasi za 5.56. Kwa hapa Marekani ile sehemu ya chini, loa, ndiyo inayohesabika kisheria kuwa bunduki, ina namba, lazima upitie kwa muuzaji mwenye leseni ujaze fomu 4473 na ukaguliwe. Adapta si bunduki, ni kipande cha chuma tu, unaagiza kinaletwa mlangoni kama viatu. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: nanunua apa (sehemu ya juu yenye mtutu) ya 9mm, bolti (chuma kinachokwenda mbele nyuma kuingiza risasi) na bafa yake nzito inayopunguza kishindo cha bolti, natumbukiza adapta kwenye tundu la magazini la loa niliyonayo, basi nimepata PCC bila kununua bunduki nyingine. Na wife hatauliza maswali mengi. Nikaingia mtandaoni nikachukua ya bei ya chini kuliko zote, jina lake silitaji, manake sitaki barua za mawakili, na kusema kweli kosa nusu lilikuwa langu.

Mechi ya kwanza nayo, steji ya tatu. Shabaha kumi na mbili za karatasi, kila moja risasi mbili, jumla ishirini na nne. Taima ikalia, nikapiga nne za kwanza vizuri, nikakimbia kona ya kushoto, tap tap, tap... kimya. Nachungulia naona ganda limesimama wima kwenye dirisha la bolti kama bomba la jiko. Nikalifagia, nikavuta bolti, risasi iliyofuata pua yake ikagonga juu ya mtutu ikakaa hapo imeinama. Nikachomoa magazini, nikatikisa, nikarudisha. Refa wa renji ameshika taima yake nyuma yangu hasemi kitu, na kimya cha refa nacho kina uzito wake.

Kwa ambao hawajui hesabu zetu: pointi unagawanya kwa sekunde. PCC zote zinahesabiwa maina, yaani daraja la risasi zenye nguvu ndogo, na kwenye shabaha eneo la A ni 5, C ni 3, D ni 1. Steji ile ukipiga A zote ni pointi 120. Ukimaliza kwa sekunde 15 umepata 8. Ukipoteza sekunde sita unavuta vuta mabolti umemaliza kwa 21, pointi ni zile zile lakini sasa una 5.7. Yaani hujakosa shabaha hata moja na bado umepoteza zaidi ya robo ya steji. Ndiyo maana watu wa PCC wanaongea habari za magazini kama wavuvi wanavyoongea habari za upepo.

Jioni nikaweka loa peke yake mezani jikoni, haina apa, nikachukua risasi bandia zile za mazoezi (za kweli zilikuwa zimefungiwa chumba kingine, hiyo ni sheria ya nyumba, mezani hakuingii risasi ya kweli hata moja) nikajaza magazini nikaichomeka. Halafu nikaishika kwa chini nikaisukuma mbele nyuma kwa kidole. Ikacheza. Si kidogo, inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Mama Salma anapita na sufuria akaniuliza "hiyo ndiyo ulisema imekaza?" nikanyamaza.

Sababu ni hii. Tundu la AR limetengenezwa kwa magazini pana ya risasi za 5.56, na magazini ya 9mm ni nyembamba, kwa hiyo adapta kazi yake kubwa ni kujaza ile nafasi na kuishika magazini pale pale kila mara. Lakini si hiyo tu, kwenye adapta nyingi ejekta nayo, kile kijino kinachotema ganda nje, imejengwa humo humo ndani ya adapta, na mteremko wa kupandishia risasi kwenda chemba pia. Sasa adapta ikilegea ikashuka hata kidogo tu, vinashuka vyote pamoja: magazini inakaa chini bolti inapita juu ya risasi au inaikamata vibaya, ejekta inagusa ganda kwa ncha tu, ganda halina nguvu ya kuruka, linabaki limesimama. Kumbe zile kwama zangu mbili za aina tofauti zilikuwa ugonjwa mmoja. Na magazini yangu ni ile ndefu ya 33, ikijaa inapita nusu kilo, inaning'inia pale chini kama ndoo kwenye kamba, kila nikikimbia inavuta adapta.

Kwa nini 33? USPSA steji kubwa kabisa haizidi risasi 32, na PCC haina kikomo cha magazini, kwa hiyo ukiwa na 33 unaweza kumaliza steji yoyote bila kubadilisha, kama hukukosa. Hiyo "kama hukukosa" ndiyo inafanya bado tunabeba ya pili kiunoni.

Basi nikarudi darasani, na kitu ambacho ningetamani mtu angeniambia mapema ni kwamba huchagui adapta. Unachagua magazini, halafu magazini inakuchagulia adapta na bolti. Mie nilifanya kinyume.

Kwa AR ya 9mm kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Colt, ya zamani, magazini za chuma zilizonyooka ambazo asili yake ni muundo wa Uzi, nyingi ni za 32. Risasi zinatoka kulia kushoto kulia kushoto, hazibanwi kuwa mstari mmoja juu, kwa hiyo kuzijaza kwa kidole ni raha, na kile kisahani cha ndani kinachosukuma risasi kinafika kwenye kishikio cha bolti cha AR bila ujanja mwingi, magazini ikiisha bolti inabaki nyuma. Adapta za njia hii, kama blok ya Hahn Precision, watu wanazifunga miaka na miaka na ukiongea na wazee wa renji watakuambia ukiifunga sawa usiiguse tena. Ubaya wake ni kwamba hizo magazini hazina kazi nyingine. Hakuna bastola yangu inayozitumia.

Njia ya pili ni ya Glock. Magazini za Glock ziko kila mahali, mpaka ukiangusha moja kwenye matope mechi ya mvua kuna mtu atakuazima. Mie nina Glock 17, nilikuwa na magazini saba tayari ndani ya nyumba. Lakini zinabana risasi kuwa mstari mmoja kwenye midomo, kuzijaza bila kile kifaa cha kusaidia kidole gumba kinakuwa na malengelenge, na pale juu kisahani chake hakifikii kishikio cha bolti cha AR moja kwa moja, kwa hiyo adapta lazima iwe na kijiti cha kuunganisha. Adapta za bei rahisi ndipo zinapokatia kona: ama hakuna kabisa kile kijiti, ama kipo lakini kinafanya kazi siku kikitaka. Na bolti nayo lazima iwe imechongwa chini kupisha midomo ya magazini ya Glock. Bolti ya Colt tupu itagonga. Siku hizi wanauza nyingi zinazokubali zote mbili, uliza kabla hujalipa.

Wapo wa Sig MPX na CZ Scorpion, hao wana magazini zao, hawahitaji adapta, ni bunduki nzuri, ila magazini za MPX bei yake karibu mara mbili ya za Glock na ukinunua nne umeumia.

Mie nikaenda na Glock, kwa sababu ya zile saba nyumbani, sina sababu nyingine ya kitaalamu. Adapta nikachukua ya Stern Defense, ile ya Glock. Sijalipwa na mtu, nimeinunua kwa hela yangu ya overtaimu. Ilipofika nikafanya mambo ambayo ya kwanza sikuyafanya. Nikaichomeka kwenye loa bila apa, nikaikaza, nikasukuma kwa kidole mbele nyuma kushoto kulia. Tulivu. Skrubu nikazitoa nikazitia ile gundi ya bluu ya nyuzi nikazirudisha, manake bolti ya 9mm ni nzito na inarudi kwa kishindo, mtetemo wake unalegeza kila kitu. Kila magazini nikaichomeka na kubonyeza itoke, ianguke yenyewe, isingoje kuvutwa. Halafu bolti ikiwa nyuma nikachomeka magazini kwa nguvu kama mtu mwenye haraka, manake kuna adapta ukipiga magazini kwa hasira inapanda juu kupita kiasi inagonga ejekta, na kwenye mechi utaipiga kwa hasira, usijidanganye.

Renji nikapiga risasi 300 siku ya kwanza kabla ya kuiamini. Za grein 147 (uzito wa kichwa cha risasi) za pua ya mviringo, zinatoka kama futi 900 kwa sekunde. Nguvu ya risasi kwetu ni uzito mara kasi: 147 mara 900 gawa kwa 1000 ni 132, na maina inataka isipungue 125, tuko salama. Nilijaribu pia zile za pua bapa ambazo bastola yangu inazila bila shida, PCC ikazikataa mbili kati ya hamsini. Mteremko wa adapta si wa bastola, pua ikiwa bapa inapenda kukwaruza. Kwa hiyo bapa zimebaki za bastola.

Kuna kaka mmoja wa Tanga tunakutana naye renji, yeye hana AR kabisa na aliniuliza anunue loa na adapta kama yangu. Nikamwambia hapana. Kama huna AR tayari, adapta haina maana, nunua loa iliyotengenezwa moja kwa moja kwa Glock, tundu lake tayari lina kipimo na mwinamo wake, ama chukua Ruger PC Carbine. Hiyo Ruger inakuja na tundu mbili ndani ya boksi, moja ya magazini za Ruger na moja ya Glock, unafungua skrubu unatoa chuma kwenye kitako unabadilisha, imeisha. Alichukua Ruger. Sa hii ananipiga kwenye mechi za Steel Challenge, zile za shabaha za chuma, na anapenda kunikumbusha kuwa mie ndiye niliyemshauri.

Na mnaonitext mkiwa kwa visa ya masomo au ya kutembea: tulia kwanza. Sheria ya hapa kwa kawaida hairuhusu mtu wa visa kumiliki wala kushika bunduki wala risasi, kuna vijinjia vyake vya msamaha, lakini hivyo vya wakili, si vya kaka yako wa lori. Mwenye grini kadi ni habari nyingine. Na ukihamia jimbo lingine angalia magazini zako, Texas hawajali, California, New York na New Jersey mwisho ni 10, Colorado 15. Hii 33 yangu siwezi kupanda nayo lori kila safari. Nyumbani Kenya wenye leseni wanacheza IPSC, mchezo kama huu wa kimataifa, kwa bastola, na nikija likizo nitaenda kuwatazama tu, mikono mfukoni.

Tangu hapo mechi sita. Kukwama nimekwama mara mbili, na zote mbili ilikuwa magazini moja. Nimeziandika namba kwa rangi nyeupe chini, moja mpaka saba, na ni namba nne. Nimeibadilisha springi, nimesafisha, nimeipangusa midomo, bado mara moja moja inaleta ujeuri wake. Sasa namba nne ni ya mazoezi peke yake, na juzi nikaikuta kwenye mkanda wangu wa mechi dakika tano kabla ya kuitwa, sijui nani aliiweka. Salma anasema si yeye.