Mzee Aliyebaki Ameketi

Jana usiku nilimwekea shangazi filamu ya Cabaret, ile ya mwaka 1972 iliyoongozwa na Bob Fosse. Nilitaka amsikie Liza Minnelli. Shangazi mwenyewe aliimba na bendi za rumba hapa Nairobi, enzi za akina Super Mazembe na Les Mangelepa, na bado akipika husikika mpaka kwa majirani hapa Kaloleni.

"Anaimba vizuri," akasema, basi. Macho yake yalikuwa kwenye meza za wateja.

Hadithi iko Berlin, Ujerumani, mwaka 1931, kwenye klabu ya usiku ambako Minnelli anaimba. Mapema, mfuasi mmoja wa Hitler, yaani Mnazi, anafukuzwa klabuni. Mwishoni kamera inapita kwenye kioo kinachopotosha sura, na humo unawaona Wanazi wamejaa, vitambaa vya swastika, alama yao, mikononi. Nimeipenda filamu hii miaka mingi, na kila nilipoisimulia nilisimulia nyimbo. Shangazi aliwahesabu watu.

"Ukiwa jukwaani, mama, habari za mji unazipata mezani," akaniambia.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kafyu ilizima usiku wa Nairobi. Waliporudi kupiga, ile meza ya pembeni, ya vijana waliozoea kumtuma mhudumu na kikaratasi cha kuomba wimbo, ilikuwa na watu wengine. Hawakucheza. Hawakulewa. Soda moja kila mtu, usiku kucha. Bendi haikuulizana kitu. Wimbo mmoja tu ukaacha kupigwa. Nilimuuliza ni upi. Akanyanyua kikombe chake, akanywa chai.

Karibu nyimbo zote za filamu hii zinaimbwa ndani ya klabu. Mmoja uko nje, mchana, kwenye bustani ya bia. Kijana mwenye sauti safi anaanza polepole, unampenda, kisha kamera inashuka na kukuonyesha mkono wake, na kitambaa cha swastika. Watu wanasimama mmoja mmoja, wanaimba naye, wasichana kwa wazee. John Kander na Fred Ebb, waliotunga wimbo huo, walikuwa Wayahudi, na waliutunga vizuri kiasi kwamba wako walioamini ni wimbo halisi wa Wanazi. Mimi hunisisimua mwili kila mara, na kila mara hujisikia vibaya kwa kusisimka.

Kuna mzee mmoja hasimami. Anabaki kwenye benchi, kofia kichwani, anatazama huku na huku kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Anaonekana kitambo kidogo tu.

Filamu ilipoisha niliwasha taa. Nilidhani shangazi ataenda kulala, maana saa sita ilishapita.

"Rudisha pale bustanini," akasema. "Nataka kumwona tena yule mzee."